Gari liko waranti, wewe unapanda nini?

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: gari bado jipya, limeharibika, limelazwa kwa wakala, na mwenyewe anahesabu nauli za teksi. Tumechagua chache zenye mambo ambayo kila mwenye gari atayahitaji siku moja.

SWALI: Nina pikapu ya dizeli ya miezi 14, nasambaza maziwa hapa Thika. Giaboksi inalia nikiweka gia ya tatu. Dila amekubali ni kazi ya waranti, lakini spea itachukua wiki tatu. Nimemwomba gari la kutumia kwa sasa, anasema hana. Si ni haki yangu? – J.K., Thika

JIBU: Kwa waranti peke yake, hapana. Fungua kile kitabu ulichokabidhiwa pamoja na funguo. Waranti ya mtengenezaji huahidi kutengeneza au kubadilisha kifaa chenye kasoro ya malighafi au ya uundaji, basi. Ukifika kurasa za mambo yasiyohusika utakuta gari la kukodi, muda uliokaa bila gari na biashara iliyokwama vimetajwa kuwa si juu yao. Bima yako nayo, kama ina kifungu cha gari la kukodi, kwa kawaida hulipa baada ya ajali au wizi, si giaboksi ikiharibika yenyewe.

Gari la kuazimwa hutoka kwingine. Linaweza kuwa kwenye mkataba wa ununuzi. Makampuni yanayonunua magari kumi kwa mpigo hulidai kabla ya kutia sahihi, na hata mnunuzi wa gari moja hakatazwi kujaribu. Linaweza kuwa ndani ya kifurushi cha msaada wa barabarani ambacho baadhi ya chapa hukitoa na gari jipya. La sivyo ni hisani, na mwenye kuitoa ni meneja wa sevisi, si yule kijana wa mapokezi. Mwandikie meneja moja kwa moja.

Lakini kwanza, kwa nini pikapu ilale wiki tatu ikisubiri spea? Waambie wamwage oili ya giaboksi waitazame. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na hapo gari lisitoke. Kama ni vumbi tu, spea iagizwe huku wewe unaendelea na kazi, ila uondoke na maandishi mawili: kwamba fundi wao ameona gari linaweza kutembea, na kwamba uharibifu ukiongezeka kutokana na kasoro hiyohiyo utabaki ndani ya waranti. Bila hilo la pili, meno ya gia yakikatika utaambiwa uliendesha huku unajua.

Uliza pia aina ya oda. Ipo oda ya kujaza stoo, inayosubiri meli, na ipo oda ya gari lililolala, ambayo wenye kazi huiita VOR, inayoletwa kwa ndege. Baadhi ya watengenezaji huikubali VOR pale tu gari likiwa limeegeshwa kwenye yadi ya wakala. Basi ukikubali kuliacha ili spea ije haraka, hapo una hoja nzito ya kuazimwa gari, na utaje kwamba unabeba makopo ya maziwa ili usipewe gari dogo la saluni. Likikosekana kabisa, dai sevisi ijayo ya bure au sehemu ya gharama za kukodi, kwa risiti.

SWALI: Langu linabadilishiwa kompresa ya AC, nimepewa gari lao. Fomu ina kurasa mbili za maandishi madogo, na binti wa mapokezi anasema, "Weka sahihi tu mama, ni kawaida." Niangalie nini? – Mama T., Mikocheni

JIBU: Mama T., anza na bima. Kama ni bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, ukiligonga, matengenezo ya gari lao ni ya mfuko wako. Kama ni kubwa, kuna kiasi cha kwanza cha hasara ambacho bima hailipi. Kiandikwe kwa shilingi, wasikuambie "kitaonekana baadaye". Stika ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, kwa namba ya gari, ni kazi ya dakika moja kwenye simu. Halafu tazama nani ameruhusiwa kuendesha. Likiandikwa jina lako peke yako, mwanao akiligonga kampuni ya bima ina sababu ya kugoma.

Kabla ya kutoka getini, angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba hiyo hiyo ya gari kwenye mfumo wa polisi, na uhifadhi picha ya skrini. Deni hukaa kwenye namba ya gari, na wakala atamtafuta aliyekuwa nalo mwisho. Siku ya kulirudisha fanya hivyohivyo.

Sasa lizunguke, na mlitoe nje kwenye mwanga, msikague chini ya paa la gereji. Piga picha pembe nne, rimu nne, paa, viti, na dashibodi injini ikiwa inanguruma ili kilomita, geji ya mafuta na taa zozote za onyo zionekane. Watu wengi husahau sehemu mbili. Ya kwanza ni kioo cha mbele: sogeza uso karibu utafute alama ya jiwe ndogo kama punje ya mchele, maana ndiyo hugeuka ufa mrefu ukiwasha AC kwenye jua. Ya pili ni chini ya bampa la mbele. Inama kabisa, kwa sababu mikwaruzo ya huko haionekani ukiwa umesimama, na ndiyo hutozwa. Buti nalo: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi, kizima moto. Trafiki akikusimamisha hatamuuliza wakala.

Kwenye fomu tafuta ukomo wa kilomita kwa siku na kama unaruhusiwa kutoka nje ya mkoa. Kuvuka Namanga au Horohoro usifikirie bila barua ya mwenye gari na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka. Tafuta pia una saa ngapi za kulirudisha baada ya kuarifiwa kwamba lako liko tayari, na kama kuna sentensi inayosema waranti ikikataliwa gari hili litatozwa kwa siku. Ukiikuta, bei ya siku iandikwe hapohapo. Barua inayofuata itakuonyesha kwa nini.

SWALI: Gari langu la dizeli, kilomita 41,000, lilianza kutoa moshi mweupe na kutetemeka asubuhi. Wakala alinipa gari la kutumia. Siku ya nne akanipigia: nozeli zimekufa kwa mafuta machafu, si waranti, na kuanzia leo hilo gari ni la kukodi. – O., Kisumu

JIBU: Rudisha gari lao leo, na usitie sahihi ya kubadilisha nozeli kabla ya kuona ushahidi. Siku nne zilizopita usikubali kuzilipia kama fomu haikusema hivyo.

Ni kweli mafuta machafu huua nozeli. Kwenye mfumo wa komoni reli, ambapo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye mafuta ya shinikizo kubwa, shinikizo huweza kupita bar 1,600, na nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni maikroni chache tu. Maji huleta kutu, mchanga hukwaruza. Lakini uchafu huacha alama njia nzima, tangu tangi. Omba chujio la dizeli likatwe mbele yako uone kama lina tope, kutu au maji. Omba kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kwa mililita, na orodha ya misimbo ya hitilafu kama ilivyotoka kwenye mashine. Nozeli moja ikirudisha kupita kiasi huku tatu ziko sawa na chujio ni safi, hoja ya mafuta machafu inalegea, kwa sababu zote zinakunywa kutoka tangi moja. Zote nne zikiwa mbovu na chujio lina tope, wana hoja, na ugomvi wako unahamia kituo cha mafuta.

Sampuli ya tangi itolewe ukiwepo, kwenye chupa mbili safi za kioo, zifungwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili, moja ubaki nayo. Hiyo ndiyo utakayoipeleka maabara, na ukiwa na risiti za mafuta unaweza kulalamika EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Tazama kitabu cha sevisi pia: chujio la mwisho waliweka wao, kwa kilomita ngapi? Na taa ya maji kwenye chujio iliwahi kuwaka ukaipuuza? Kama ndiyo, hali inakuwa ngumu kwako.

Jambo la mwisho, na hapa mawakala wengi huteleza: dai lenyewe lilipelekwa kwa mtengenezaji, au lilikatwa palepale mapokezini? Taka barua ya kukataliwa inayotaja kifungu cha waranti na namba ya dai. Kama hakuna namba, dai halijawahi kuondoka Kisumu.

SWALI: Niko Columbus, Ohio. Gari langu jipya lina miezi 9 na maili 11,000. Limeingia kwa dila mara tatu kwa transmisheni ileile, jumla siku 26. Safari hii sijapewa gari, na wanasema nimebadilisha oili ya injini nje kwa hiyo waranti iko mashakani. – Msomaji wa Columbus

JIBU: La oili halina mashiko. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mtengenezaji kukulazimisha kufanya sevisi ya kulipia kwa dila wake ili waranti isimame. Akitaka kukataa, aonyeshe kwamba kazi ya nje ndiyo iliyoharibu, na oili ya injini haipiti kwenye transmisheni. Tunza risiti zenye tarehe, maili na aina ya oili.

Lako la kuangalia ni sheria ya Ohio ya magari mabovu. Ndani ya mwaka wa kwanza au maili 18,000, kinachotangulia, kasoro kubwa ileile ikishughulikiwa mara 3 bila kupona, au gari likikaa gerejini jumla ya siku 30, unaweza kudai ubadilishiwe au urudishiwe fedha. Kama mtengenezaji ana chombo cha usuluhishi kinachotambuliwa na jimbo, utapitia huko kabla ya mahakama. Kwa hiyo karatasi zako ni mali. Kila moja iwe na tarehe ya kuingia na ya kutoka, na malalamiko yaandikwe kwa maneno yaleyale. Wakiandika "mlio" mara hii na "mtikisiko" mara ijayo, transmisheni moja inageuka kasoro mbili tofauti.

Kuhusu gari la kuazimwa, acha kubishana na dila. Piga simu huduma kwa wateja ya mtengenezaji, fungua shauri, pata namba, na uombe kurudishiwa gharama za kukodi. Idhini na kiwango cha kwa siku vipatikane kabla hujakodi. Ukipewa gari la dila, kumbuka bima ya chini kabisa ya Ohio hulipa hasara ya wengine, hailipi gari unaloendesha.

SWALI: Nimenunua gari la Japani lililotumika. Yadi imenipa waranti ya miezi mitatu. Wakala wa chapa atanihudumia? – S., Tanga

JIBU: Hapana. Karatasi hiyo ni ahadi ya yadi tu, na waranti ya soko la Japani hailifuati gari huku. Ila mpelekee wakala namba ya chesisi aulize kama lina mwito wa usalama (mtengenezaji anapoyaita magari yenye kasoro yarekebishwe) ambao haujafanyiwa kazi, hasa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kemikali ya kuijaza hewa huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikaweza kulipuka vibaya, na Tanga vyote viwili vipo.

SWALI: Gari linazima ghafla, nikilipeleka halizimi. Mara mbili wameandika "hakuna tatizo". – R., Morogoro

JIBU: Fundi asipoona kosa halipwi na mtengenezaji kwa muda alioutumia, kwa hiyo hatalitafuta siku nzima. Msaidie: video inayoonyesha dashibodi linapozima, na orodha fupi ya saa, mwendo, kiasi cha mafuta, AC ikiwa imewashwa au la. Kisha omba fundi kiongozi apande nawe, wewe ukiwa dereva, kwenye barabara ileile linapozimia. Wakitaka kulilaza nao wiki moja, wakubalie, mradi karatasi ya kazi iseme litaendeshwa kilomita ngapi kwa siku, na uwe na funguo za gari lao mkononi.