Mbu wa maabara: uliza kwanza ni wa aina gani

Mleta mada, umeuliza kama mbu waliobadilishwa vinasaba wakiachiwa mtaani watatung'ata na kutuingizia jeni zao. Nakujibu kwa niliyoyaona, maana nilifanya kibarua cha kukusanya mbu bonde la Kilombero misimu miwili.

Wanaoachiwa ni madume, na mbu dume hang'ati, anaishi kwa maji matamu ya maua. Bibi mmoja tuliyekuwa tunatega mitego kwake alinibishia: "We mjukuu wangu, dume la mbu umelijuaje, umelivua nguo?" Nikawavuta mbu wawili kwa mpira wa kunyonyea, nikampa kioo cha kukuzia. Vipapasio vya dume vimejaa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, vya jike vyembamba. Bibi akacheka: "Kumbe wana ndevu!" Na hiyo hofu ya jeni kukuingia: kuku umemla miaka yote, mbona hujaota mabawa?

Kutumia madume si jambo geni kwetu. Mbung'o wa Unguja waliishaje? Madume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi wawe tasa, wakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja, akiangukia kwa tasa ndiyo basi tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996.

Sasa watu wanapochanganya ni hapa. Wa kwanza ni mbu wa kampuni ya Oxitec, walioachiwa Djibouti 2024, wana jeni inayowaua watoto wao wa kike wangali viluwiluwi. Ukiacha kuwaleta, jeni inapungua yenyewe mpaka inapotea. Hao hata kesho waje kwangu.

Wa pili ni wale wa jeni inayojisambaza. Kwa kawaida mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni ya mzazi, lakini hii inajinakili yenyewe, karibu watoto wote wanazaliwa nayo. Mwaka 2018 Imperial College, London, waliwaweka kwenye vizimba pamoja na mbu wa kawaida wa malaria, Anopheles gambiae. Wote wakaisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Kwa malaria inavyotumaliza, natamani ifanikiwe. Ila kizimba kina ukuta. Huku nje mbu hajui mpaka wa kijiji wala wa nchi, na wa ng'ambo ya mto hakuulizwa.

Kwa hiyo wakija kwenye mkutano wa kijiji, habari ya kung'atwa achana nayo. Waulize: mkiacha kuwaleta, jeni yao itapotea yenyewe?