Hesabu ya mathenge kabla hujaita vibarua

Ukishuka kutoka Moshi kuelekea Kahe utakuta mathenge (Prosopis juliflora), mti vamizi wa miiba, imefunga malisho. Mgeni wa kazi ya kuing'oa hukimbilia palipofunga zaidi, na hapo ndipo pesa huzama.

Hesabu nyasi kwanza. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani kilo 6 za majani makavu kwa siku, yaani kama 2,200 kwa mwaka. Tuseme hekta ikisafishwa inaongeza kilo 1,000 za majani hayo kwa mwaka. Mifugo ichukue 400 tu, zinazobaki zikinge udongo. Basi ng'ombe mmoja wa ziada anadai hekta tano na nusu. Weka faida yake ya mwaka kando ya ujira wa kusafisha hekta hizo: kwenye kichaka kizito hesabu hugoma. Palipo na miche ya kimo cha goti, siku chache za sururu zinaokoa nyasi ambazo bado zipo. Anzia huko, usogee kuelekea kwenye msitu.

Panga pekee ni kujiongezea kazi. Macho ya kuchipua yako chini kidogo ya uso wa udongo, kwa hiyo shina lililokatwa juu hurudi likiwa mashina kumi. Chimba kulizunguka, ukate mzizi sentimita 20 hadi 30 chini, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika. Vibarua walipwe kwa kisiki kilicholala juu, ukakihesabu kwa macho. Ukilipa kwa eneo, utauziwa kazi ya panga.

Mkaa unaweza kurudisha sehemu ya gharama, kibali kikiwa mkononi. Ila wachomaji hupenda mashina manene na kukuachia visiki. Kung'oa kuwe sharti kabla ya gunia la kwanza kuondoka.

Mbegu hudumu ardhini miaka mingi, kwa hiyo fungu la kurudi kila baada ya mvua litengwe tangu mwanzo. Ng'ombe aliyekula maganda ya mathenge hutoa mbegu nzima kwenye samadi, tayari kuota: mzuie bomani kama wiki moja kabla ya kumpeleka malisho safi. Maganda yakisagwa vizuri mbegu huvunjika, nawe umepata chakula cha mifugo cha kiangazi.

Ardhi iliyobaki wazi hudakwa na gugu karoti. Mwaga mbegu za nyasi mara moja, kisha tandaza juu yake matawi ya miiba yasiyo na maganda, mbuzi wasifike.