Mdogo wangu amebadilika: je, ni skizofrenia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 20, anavua dagaa hapa Igombe. Kwa miezi minne sasa amejitenga, haogi mpaka abembelezwe, halali, na wiki iliyopita alisema wenzake wa mtumbwini wanamwekea kitu kwenye ugali. Mama anasema ni bangi, shangazi anasema karogwa. Nimesikia kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, nikaogopa sana. Nitaitambuaje mapema?

JIBU: Marahaba, dada. Kuutaja ugonjwa bila kumwona mgonjwa siwezi, lakini uliyoyaeleza yanatosha kumpeleka hospitali wiki hii. Msisubiri avue nguo barabarani.

Mpime kwa kumlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, usimlinganishe na vijana wengine. Aliyezaliwa mkimya hana ugonjwa kwa kuwa mkimya. Wa kutia shaka ni yule aliyekuwa mcheshi, sasa anakula chumbani peke yake, uso hauoneshi furaha wala huzuni, kazi aliyoiweza inamshinda, na ukimuuliza jambo anajibu la mbali. Usingizi nao uuangalie kwa makini, maana mvuvi wa dagaa hulala mchana kwa sababu ya kazi. Mwangalie siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika. Wenzake wakiwa wamelala naye anazunguka uani hadi alfajiri, hilo liandike.

Habari ya ugali ndiyo imenishtua zaidi. Muulize kwa upole: "Huenda umekosea?" Akisema huenda, shaka bado ni changa. Akishikilia kabisa, hata ushahidi ukiwa mbele yake, ugonjwa umeshasogea. Angalia pia kama husimama ghafla kusikiliza, kujibu mtu asiyeonekana, au kudai redio inamsema yeye. Usibishane naye wala usimcheke. Mwache ajipakulie mwenyewe kutoka sufuria moja na ninyi, na mwambie unachokiona: "Hulali, nina wasiwasi nawe, twende wakusaidie upate usingizi." Wengi hukubali kwenda kwa ajili ya usingizi kabla ya kukubali kwamba wanaumwa.

Mama yenu hajakosea kuitaja bangi. Inaweza kuleta hofu na sauti, na kwa mwenye mwelekeo wa ugonjwa huu inaongeza hatari. Lakini kumwambia aache kwanza, halafu mkae miezi kusubiri, ni kupoteza muda mnaouhitaji: matibabu yakianza mapema, nafasi ya kupona vizuri huwa kubwa zaidi. Shangazi naye msigombane naye. Mkitaka kuomba au kwenda kwa mganga, hospitali isiachwe, na asifungwe kamba wala kupigwa na mtu yeyote. Nimewaona vijana wakiletwa na vidonda vya kamba mikononi, na vidonda hivyo huwafanya waogope kila anayewakaribia, hata muuguzi.

Homa, degedege, kichwa kuuma sana au kutojua yuko wapi si kawaida ya skizofrenia inayoanza. Hapo fikirieni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akitaja kujiua, akisema sauti zinamwamuru, au akiacha kula kabisa kwa hofu ya sumu.

Ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya 20, kwa wanawake mara nyingi baadaye kidogo. Hata hivyo, wengi wenye dalili za mwanzo hawaishii kwenye skizofrenia. Ndiyo maana daktari atapima damu na kuuliza kuhusu pombe, bangi, kifafa na ndugu waliowahi kuumwa, na huenda asitaje jina la ugonjwa siku ya kwanza. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, dalili kuu hutakiwa zidumu mwezi mmoja au zaidi.

Mpelekeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapo Mwanza, mwulizie huduma ya afya ya akili. Aende na mtu anayemwamini, na wewe ubebe daftari lenye tarehe: lini aliacha kuoga, lini alianza kukwepa wenzake, lini alitaja ugali. Akipewa dawa kisha shingo ikakakamaa au macho yakapanda juu, mrudisheni haraka. Ni athari ya dawa, inatibika, na msiikatishe dawa wenyewe nyumbani.