Kiatu cha mtoto ndani ya kambi ya askari

Swali: Nimesoma kwamba katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, vimefukuliwa viatu vya watoto. Wachimbaji hujuaje kama eneo wanalochimba lilikuwa la askari au la raia, na ngozi ilidumuje ardhini karibu miaka 2,000?

Jibu: Naanza na la pili, kwa kuwa ndilo linalolifungulia njia la kwanza. Vindolanda haikuwa ngome moja. Kuanzia mwaka 85 hivi Baada ya Kristo, Warumi walijenga hapo ngome kadhaa, moja juu ya nyingine, na zile za mwanzo zilikuwa za mbao. Kikosi kilipoondoka majengo yalibomolewa, nao waliofuata wakayafunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na mabonge ya ardhi yenye nyasi. Katika unyevu wa pale mfuniko huo uliizuia hewa, na pasipo oksijeni bakteria wanaoozesha ngozi na mbao karibu hawana uwezo. Ndiyo maana vibao vya barua vilivyoanza kupatikana mwaka 1973, vyembamba vya milimita chache tu, vilikutwa vingali na wino.

Kuhusu swali la kwanza, ramani peke yake hudanganya. Ni kweli kwamba kambi hutambulika kwa handaki, boma na mabweni yaliyopangwa safu kwa safu, ilhali nyumba za raia ni ndefu na nyembamba, zimeelekea barabara itokayo langoni. Lakini nyumba za mawe za raia za karne ya 3, magharibi mwa ngome ya mawe, zimekaa juu ya kambi za mbao za awali. Kwa hiyo mchimbaji hukwangua kwa mwiko tabaka moja baada ya jingine, na kila kitu hurekodiwa pamoja na tabaka lake. Kiatu kilichong'olewa bila kumbukumbu hiyo kimepoteza karibu ushahidi wake wote.

Viatu vya watoto vimepatikana hata katika matabaka ya kambi yenyewe. Kwa kamanda si ajabu: Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda Flavius Cerialis, aliishi humo, na mnamo mwaka 100 rafiki yake Claudia Severa alimwandikia kumwalika kwenye siku yake ya kuzaliwa. Kinachonigusa zaidi ni vile vilivyotoka kwenye mabweni, kwa sababu sheria haikuwaruhusu askari wa kawaida wa wakati huo kuoa.