Jicho langu ni zima, lakini halioni

Jumanne iliyopita mwanangu, mwenye miaka sita, alisoma mstari wa pili kutoka chini kwenye chati ya kupimia macho kwa jicho lake la kushoto, jicho ambalo miaka miwili iliyopita lilikuwa linaishia mstari wa tatu kutoka juu. Pale kliniki nilijikaza kwa sababu alikuwa ananitazama, lakini tulipofika kituoni niliacha daladala tatu zipite kabla sijaweza kusimama. Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa dada mmoja ambaye binti yake wa miaka mitano hulia kila anapobandikwa kiraka cha kuziba jicho lake zuri ili lile dhaifu lifanye kazi, na mama mkwe wake anamwambia kwamba anamtesa mtoto bure, kwamba akikua ataona tu. Anauliza kama kuna haja ya kuendelea. Ninamjibu hapa, na kwa urefu, kwa sababu swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma.

Kwa kunitazama nina macho mawili yaliyonyooka, yasiyo na kengeza wala mtoto wa jicho, lakini katika maisha yangu yote nimetumia moja. Nilipokuwa msichana nilimimina chai pembeni ya kikombe mara nyingi kiasi kwamba nilijizoesha kugusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, nikisikiliza ule mlio mdogo, ndipo niinamishe birika. Kwenye mpira wa pete nilipigwa usoni na mipira ambayo wenzangu waliidaka bila kufikiri, na mwalimu akaniita mzembe mbele ya darasa zima. Hakuna aliyewaza kuhusu macho, hata mimi mwenyewe, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuona kwa macho mawili hajui kwamba anakosa kitu.

Nilijua nikiwa na miaka 19, nilipopimwa afya ili nijiunge na chuo. Mpimaji aliniambia nifunike jicho la kulia kwa kiganja, na chati yote ikageuka ukungu. Alidhani ninafanya mchezo. Nilipelekwa kwa daktari, akamulika jicho kwa tochi, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akafunga faili na kusema: "Jicho lako ni zima kabisa." Sikuelezwa zaidi ya hapo, na kwa miaka mingi niliibeba sentensi ile kama tuhuma ya uongo.

Alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa kilikuwa nusu ya ukweli. Jicho hupokea mwanga, na kazi ya kuona inafanywa na ubongo. Nyuma ya jicho kuna retina, yenye seli zipatazo milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu na nyingine takribani milioni 6 za rangi na mambo madogomadogo, ilhali neva inayotoka katika kila jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja tu. Maana yake ni kwamba habari zinaanza kufupishwa hata kabla hazijatoka ndani ya jicho. Neva mbili hukutana kwenye njia panda chini ya ubongo, ambapo karibu nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka upande wa pili, kiasi kwamba vitu vilivyo kushoto kwako vinashughulikiwa na ubongo wa kulia, na vya kulia na ubongo wa kushoto. Kutoka hapo, baada ya kupita kituo kimoja katikati ya ubongo, habari hufika kisogoni, na huko ndiko seli za ubongo hulinganisha picha za macho mawili na kutokana na tofauti yake ndogo kukadiria umbali wa kikombe.

Wanasayansi wawili waliofanya kazi pamoja Marekani, David Hubel, mzaliwa wa Kanada, na Torsten Wiesel, mzaliwa wa Sweden, ndio waliotufumbua mengi kuhusu sehemu hiyo ya kisogoni. Walikuwa wanamwonyesha paka vidoa, na seli moja ya ubongo wake, ambayo walikuwa wakisikiliza ishara zake kwa chombo, ikakaa kimya, mpaka ukingo wa kile kipande cha kioo chenye kidoa walichokuwa wanakiingiza kwenye mashine ya kuonyeshea picha ulipopita mbele ya macho yake. Ndipo seli ikalipuka kwa ishara, kwa sababu ilikuwa inasubiri mstari wenye mwinamo wake maalumu. Baadaye, mwaka 1963, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo walifumba jicho moja la mtoto wa paka katika miezi yake ya mwanzo. Walipolifumbua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini kisogoni karibu seli zote zilikuwa zimelihamia jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa aliyefumbwa vilevile hakupata madhara hayo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Sperry. Niliposoma habari ile, nikiwa tayari mtu mzima mwenye kazi, niliisoma mara tatu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu anaweza kuwa na jicho zima lisiloona na asiwe mwongo.

Jicho langu la kushoto lilizaliwa likihitaji miwani kali kuliko la kulia. Fikiria kikao ambacho mjumbe mmoja huzungumza kwa sauti safi na mwingine hunong'ona: baada ya miaka hakuna anayemgeukia yule wa pili, na hata siku akipewa kipaza sauti, maneno yake hayaandikwi kwenye muhtasari. Miwani niliyopewa nikiwa na miaka 19 ilikuwa kipaza sauti hicho. Jicho kama langu huitwa jicho vivu, jina nisilolipenda, kwa sababu halikuvivia kazi bali halikusikilizwa.

Kwa hiyo mwanangu alipofika miaka minne nilimfunika macho kwa zamu wakati anakula uji. Nilipoziba la kushoto aliendelea kula; nilipoziba la kulia alilia na kuuvuta mkono wangu. Hicho ndicho kipimo changu, ndugu msomaji, na hakigharimu hata shilingi: funika jicho moja, kisha jingine, na utazame mtoto anakataa lipi. Ukiona kengeza, au weupe katikati ya mboni, usisubiri hata kufunika, nenda hospitali.

Dada yangu, endelea. Kiraka hulinyamazisha jicho linalosikika ili ubongo ulazimike kulisikiliza jingine, na kazi hii hufanikiwa zaidi kabla ya miaka saba. Baadhi ya vijana wa miaka 13 hadi 17 nao hupata nafuu, na sitaficha kwamba nikisoma hivyo huwa najiuliza juu ya yule msichana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemjaribu. Kibandike kwenye ngozi, si juu ya miwani, kwa sababu watoto huchungulia pembeni. Mtoto wangu aliandikiwa saa mbili kwa siku. Wewe fuata saa ulizoandikiwa, usiziongeze kwa hiari yako, kwani jicho zuri nalo likifunikwa mno linaweza kudhoofika. Na mkwe wako mheshimu, lakini jambo hili usimwachie aliamue. Watu wazima tunapenda kusema mtoto ataona tu akikua, kumbe kukua kwenyewe ndiko kunakofunga mlango.

Saa za kiraka zitumike kwa kazi ndogondogo anazozipenda. Wangu huchagua mchele. Jumamosi aliketi mkekani na bibi yake, ungo katikati yao, akaokota kijiwe ambacho mimi nilikuwa nimekipita, akakishika juu na kuniuliza kwa nini mimi sikubandikwa nilipokuwa mdogo. Kabla sijafungua mdomo, mama yangu aliweka ungo chini.

"Hatukujua, mjukuu wangu," akamwambia.