Mteja anasema "haijakaa poa" tu, nifanyeje?

Swali: Dada, mi nachora picha za oda mtandaoni. Kuna mteja nimeshamrekebishia mara 5, kila nikituma anajibu "bado haijakaa poa", hasemi wapi. Nimechoka jamani.

Jibu: Pole mdogo wangu. Hayo sio maoni, anakuacha ubahatishe tu, we mbane kwa maswali: ni rangi, sura au mkao? Tena mtumie michoro miwili ya penseli achague kabla hujagusa rangi, maana kusogeza mkono wa mtu uliyemchora kwenye penseli ni dakika chache, kwenye picha iliyoisha unachora upya. Ila mara 5 za bure umejitakia (usininunie), oda ijayo andika kabisa unarekebisha mara 2, ya 3 analipia, na nusu ya hela iingie kwanza. Huyu wa sasa mwambie kwa upole akutajie ni wapi hapajakaa poa, kwa meseji, sio kwa kupiga simu.