Kabla Hujamwandikia Mtu Mchanganuo

Mdogo wangu uliyemaliza chuo na unataka kuishi kwa kazi ya kushauri wafanyabiashara, ombi utakalolisikia kuliko yote ni hili: "Niandikie mchanganuo, nataka kupeleka benki." Maana yake ni maelezo ya biashara yenye hesabu zake, na wengine watauita andiko. Anayekuja na ombi hilo huwa ana haraka, ameshaambiwa kuwa karatasi hiyo ndiyo inayoleta mkopo, na yuko tayari kukupa malipo ya awali hapohapo. Usianze kuandika siku hiyo. Mwombe kwanza akuruhusu ukakae dukani kwake, au kwenye karakana, au jikoni anakopikia bidhaa zake, siku mbili tatu, tangu anafungua mpaka anafunga.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi niliowahudumia Dar es Salaam na Morogoro walikuja wakitafuta mtaji, na wengi wao shida haikuwa mtaji. Hawakujua bidhaa ipi inawapa faida na ipi inawala polepole. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia mchanganuo mzuri na benki ikakubali, umemsaidia apate hasara kubwa zaidi, na safari hii hati ya nyumba imewekwa rehani.

Ukifika, salimia watu vizuri. Mama mwenye duka mpe shikamoo yake, wasalimu na wasaidizi, kisha kaa pembeni na daftari dogo. Kompyuta iache nyumbani. Angalia droo ya pesa: nani anaingiza mkono na kwa ajili ya nini. Utaona mtoto anapita kuchukua nauli ya shule. Kilo mbili za mchele zinapelekwa nyumbani kwa chakula cha jioni. Mchango wa harusi unatumwa kwa simu ileile ambayo wateja wanalipia, na ada inatoka humohumo. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna kilichoandikwa, na mwisho wa mwezi ukifika pesa ya kuagiza mzigo haitoshi, mwenye duka anajiuliza imekwenda wapi.

Hapo ndipo utakapoambiwa habari ya chuma ulete. Usicheke, wala usianze kubishana. Nimeona vijana wenye elimu nzuri wakipoteza mteja kwa mhadhara wa nusu saa juu ya imani za watu. Mtu anayekwambia pesa yake inavutwa kwa uchawi anakueleza jambo la kweli: pesa inapungua na yeye haoni inakopitia. Mwambie tu, "Mama, Jumapili tuhesabu mali yote iliyomo, halafu mwezi mzima tuandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata cha nyumbani." Mwezi ukiisha mnahesabu tena. Chukua mali ya mwanzo, ongeza mliyonunua, toa iliyobaki: hiyo ndiyo mali iliyotoka dukani kwa bei ya kununulia. Jiulize ingeleta pesa ngapi kama yote imeuzwa, kisha linganisha na pesa iliyoonekana. Sasa pengo lina ukubwa unaojulikana, na kitu chenye ukubwa unaojulikana kinaweza kutafutwa. Mara nyingi sehemu kubwa ya pengo inajieleza kwenye kurasa za matumizi ya nyumbani. Ikibaki nyingine, angalieni mizani, angalieni mzigo unaopokelewa bila kuhesabiwa, kisha ndipo muangalie muuzaji. Muuzaji awe wa mwisho, kwa sababu mara nyingi ni mpwa au shemeji, na tuhuma ikishatoka mdomoni hairudi.

Baada ya hapo mshawishi ajiwekee mshahara. Atakuuliza, "Duka ni langu, nijilipe mshahara wa nini?" Mjibu kwamba akiwa na kiasi chake cha mwezi kinachojulikana, hata kiwe kidogo, droo inabaki kuwa ya biashara na yeye anabaki na jibu la kumpa ndugu anayekuja kuomba. Akinamama wengi wanaliona hilo la ndugu kuwa na uzito kuliko hoja nyingine zote.

Sasa nije kwenye gharama, kwa sababu hapa ndipo utakapotoa msaada ambao hakuna jirani wala rafiki anayeweza kuutoa. Chukua mtu anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani na kuwauzia wenye maduka kopo la gramu 400 kwa 3,500. Hesabu yake ya kichwani iko hivi: kilo 10 za karanga nimenunua 40,000, zinatoa makopo 25, kwa hiyo karanga za kopo moja ni 1,600, kopo lenyewe 500, jumla 2,100. Faida yangu 1,400. Anafurahi, na anataka mkopo wa kununua mashine kubwa.

Kaa naye siku anayotengeneza na upime kila kitu. Karanga zikikaangwa zinapoteza maji, zikipukuswa zinapoteza maganda, na mbovu zinachambuliwa. Tuseme zimebaki kilo 8 na nusu. Hizo ni makopo 21, si 25. Makopo 21 kwa 500 ni 10,500. Lebo kwa 150 ni 3,150. Gesi na umeme wa kusagia 6,000. Chumvi na sukari 1,000. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi na gunia 5,000. Ukijumlisha na karanga zenyewe unapata 65,650. Binti anayemsaidia analipwa 8,000 kwa siku, sasa ni 73,650. Gawa kwa 21: kila kopo linamgharimu 3,507. Analiuza 3,500. Anapoteza shilingi 7 kila kopo, na hapo hatujagusa kodi ya chumba, jasho lake, wala kopo lililovunjika kifuniko njiani. Mashine kubwa ingemwezesha kupoteza hizo shilingi 7 mara elfu nyingi.

Bei nilizotumia ni za mfano, wewe utaweka za soko la wakati wako. Kinachotakiwa usikiruke ni kupima. Usikubali "takriban" kutoka kwa mwenye biashara, maana kichwa cha mtu kinakumbuka gharama kubwa mbili na kusahau ndogo nane. Mkishapata gharama halisi ndipo mnapanga: apandishe bei, atafute makopo ya jumla, anunue karanga msimu wa mavuno zikiwa rahisi, au aache kopo dogo na kuuza la kilo moja ambalo lebo yake ni moja tu. Kila mojawapo lina hesabu yake, na mwenye biashara ndiye anayechagua. Wewe unamwonyesha kila njia inamfikisha wapi.

Jambo linalofanana na hilo ni mali kauli. Mwenye duka anachukua mzigo, analipa akishauza. Mtengenezaji anaona ameuza makopo 200 kwa mwezi na anahesabu 700,000 kama pesa yake. Kisha duka kubwa la mjini linamwita, anafurahi kuona lebo yake kwenye rafu zao, na mkataba unasema malipo baada ya siku 60. Kwa kasi hiyohiyo, miezi miwili baadaye ana 1,400,000 iliyoko mikononi mwa watu wengine, na karanga za kesho anatakiwa azinunue kwa pesa taslimu. Biashara nyingi nilizoziona zikifa, zilikufa zikiwa na wateja wengi na oda mkononi. Kwa hiyo kabla hajasaini, mhesabie anahitaji mtaji wa siku ngapi mpaka malipo ya kwanza yafike, na bidhaa zinazorudishwa ni mzigo wa nani. Akikosa mtaji huo, aanze na maduka matano ya mtaani yanayolipa kila Ijumaa.

Usajili nitaupitia haraka. Wateja wengi wanataka kampuni kwa sababu jina linapendeza. Muulize kampuni ni ya kazi gani. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni rahisi na kunamtosha anayeanza peke yake. Kampuni inaleta wajibu wa taarifa za kila mwaka BRELA na hesabu zinazoandaliwa na mhasibu anayetambulika, na haiingii kwenye kodi ya makadirio, ile inayopangwa kwa kuangalia mauzo, ambayo mtu binafsi mwenye mauzo madogo anaruhusiwa. Akiwa na wabia, au anaomba zabuni zinazodai kampuni, basi afungue. Kwa anayetengeneza chakula, kumbuka kwamba tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukaenda TBS (shirika la viwango), kwa hiyo usimpeleke mtu kwenye ofisi ya zamani. Mpitishe SIDO kwanza, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Shirika hilo limekuwepo tangu 1973, lina ofisi mikoani, na watu wake wamezoea kumshika mkono mjasiriamali mdogo mpaka TBS.

Kodi ni hoja yako nzuri kuliko zote ya kumfanya mtu aandike. Katika viwango vilivyopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka alitozwa 250,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8, ni 120,000. Daftari la shilingi elfu chache limempunguzia mtu 130,000. Onyesha hesabu hiyo mbele ya mteja kwa kalamu, utaona macho yake yanavyobadilika. Ila usikariri viwango ukavibeba miaka. Sheria ya Fedha hupitishwa Juni na kuanza kutumika Julai mosi, na kila mwaka kuna kilichoguswa: kwa mfano mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Julai ya kila mwaka isome sheria mpya mwenyewe, usitegemee ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu.

Kuhusu mikopo, jifunze kumwonyesha mtu bei halisi ya pesa anayokopa. Mikopo ile ya mitaani inayoitwa kausha damu huonekana myepesi: chukua 500,000, rudisha 20,000 kila siku kwa siku 30. Mteja anaona riba ni asilimia 20. Lakini siku ya 15 ameshalipa 300,000, na riba inaendelea kuhesabiwa kana kwamba bado ameshika 500,000 zote. Kwa wastani wa mwezi mzima pesa iliyokuwa mkononi mwake ni karibu nusu ya aliyokopa, kwa hiyo 100,000 aliyolipa juu yake ni karibu asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Hakuna genge linalozalisha faida hiyo kila mwezi. Inaniuma kuona mama anauza friji ili amalizie deni la namna hii, na hakuna aliyemkalisha akamwonyesha hesabu. Kabla ya kufika huko, muulize kama yuko kwenye VICOBA au SACCOS, yaani vikundi na vyama vya kuweka na kukopa, na kama anaweza kuingia kwenye kikundi cha kuomba mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo hiyo imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na masharti yake yalibadilishwa, hivyo nenda naye kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkasikilize utaratibu wa sasa.

Malipo yako mwenyewe yapange kwa hatua: ukimaliza hesabu ya mali, ukimaliza gharama, ukimaliza mchanganuo. Usikubali kulipwa asilimia ya mkopo. Ukishakubali, utaanza kutamani mkopo uwe mkubwa, na kuanzia hapo ushauri wako hauko upande wa mteja tena. Ukifanya kazi na kampuni, watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako. Ni halali, dai cheti chake na ukitunze, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Mteja akianza kukaa sawa atakuja na wazo la tawi la pili. Muulize swali moja tu: akifiwa na mtu huko kwao Songea akakaa wiki mbili msibani, duka la kwanza litauza na kuandika vilevile? Kama hapana, tawi la pili litalifunga la kwanza. Mwaka mmoja wa kumfundisha msaidizi unatangulia fremu mpya.

Mchanganuo ukifika wakati wake, uandike kwa Kiswahili anachoweza kukisoma mwenyewe, kwa namba zilizotoka kwenye daftari lake. Afisa mikopo hatakuuliza wewe maswali, atamuuliza yeye. Siku moja kabla ya kwenda benki mkalishe umuulize: kopo moja linakugharimu kiasi gani? Nani anadaiwa, na atalipa lini? Mwezi mbaya kuliko yote mwaka jana uliuza kiasi gani, na rejesho la mwezi ungelitoa wapi? Akikwama kwenye hilo la mwisho, piga simu benki muahirishe miadi.